Soketi Isiyopokea Salamu

Mama yangu huwaambia watu wa kanisani kwamba mimi nafanya kazi maktaba. Nimeacha kumsahihisha. Ni kweli kwamba mwaka ule kazi yangu yote ilikuwa ndani ya maktaba, ila ni maktaba ya waandishi wa programu: furushi la kazi ambazo mtu mwingine alikwisha kuziandika, unalichukua na kulitumia ili usianze kila kitu upya. Yangu ilikuwa ya kupitisha ujumbe. Ndani yake kuna vitu vinavyoitwa soketi. Moja inatuma, nyingine inapokea. Mama akisikia neno soketi huuliza kama umeme wa huko kazini nao unapotea potea kama wa kwake. Humjibu kwamba ndiyo, unapotea, na hilo pia ni kweli.

Kiwanda chenyewe ni cha wakulima wadogo, kati ya Kericho na Bomet, mahali ambapo mvua ya alasiri haikosi kazini kama wanavyokosa watu wengine ninaowajua. Wazazi wangu walitoka milima ya Kisii kuja kuchuna chai kwenye mashamba makubwa. Nilizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, nikakua nikizungumza Kikipsigis cha uwanjani na Kiswahili cha dukani. Nilipoajiriwa kiwandani nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya mbolea. Walitoa mbolea, harufu wakaniachia.

Majani chai yakishachunwa hayana subira. Yakikaa ndani ya gunia muda mrefu yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki tena. Kwa hiyo kila kona ina kituo chake: banda la mabati, mizani, na karani anayepima majani ya wakulima kisha kuita lori lije kuyabeba. Zamani karani aliita lori kwa kumpigia simu ofisa wa usafiri. Lori lilikwenda kwa karani mwenye sauti kubwa, au aliyesoma darasa moja na dereva. Bodi ilichoka na malalamiko, ikapiga simu marufuku. Tangu siku hiyo kila karani alituma meseji kwenye namba moja, na mashine ndiyo iliyopanga foleni. Meneja aliwaambia wakulima kwamba mashine haina binamu, na wakulima wakapiga makofi.

Aliyeitengeneza ni kijana wa kandarasi kutoka Nairobi. Alikaa kwetu muda wa kutosha kuilaumu baridi, akawafundisha makarani asubuhi moja kwenye ukumbi wa kanisa, akalipwa, akaondoka. Mimi niliajiriwa baada yake ili niitunze. Lazima niseme aliniachia programu iliyoandikwa kwa usafi, na neno la siri alilolibandika chini ya kibodi kwa gundi ya karatasi.

Njia ya ujumbe ilikuwa hivi. Meseji ya karani inafika kwenye modemu iliyo chumbani kwangu. Soketi ya kutuma inaitangaza ndani ya ofisi. Soketi ya kupokea, iliyo kwenye kompyuta ya ofisa wa usafiri, inaichukua na kuiweka kwenye skrini pamoja na jina la kituo kilikotoka. Ofisa anasoma, anatuma lori. Ni hayo tu.

Kupokea kwenye soketi ni kazi ya kukaa. Programu inasema pokea, kisha inasimama hapo hapo. Haipigi miayo, haiulizi saa. Ujumbe ukija unaingia mzima. Hakuna nusu ya ujumbe. Usipokuja, programu inaendelea kusimama kana kwamba hakuna jambo lililopungua duniani. Niliwahi kuwa na mchumba wa namna hiyo, kwa hiyo sikuona ajabu.

Sasa, tangu mashine ianze, kituo kimoja hakikuwa kimesikika hata mara moja.

Kituo hicho kiko mwisho wa barabara upande wa Bomet. Baada ya banda lake ni mteremko, mto, kisha mlima wa watu wengine. Karani wake alikuwa mama mmoja mjane, shemasi wa kanisa, aliyeanza kupima majani kabla mimi sijajua kusoma. Kwa kuwa hapakuonekana ombi lolote kutoka kwake, lori lilikuwa likimfikia mwisho kabisa, baada ya kumaliza vituo vingine vyote, na mara nyingi majani yalikuwa yamekwisha kupata moto. Wakulima wake walirudishiwa magunia. Walimpigia kelele yeye. Yeye alisema ametuma. Ofisi ilisema hajatuma.

Hapo ndipo meneja alipoanza kufikiri, jambo ambalo kwa kawaida huliachia asubuhi ya Jumatatu. Huku kwetu kuna mabroka, wanunuzi wa kando wanaozunguka na pikapu wakichukua majani yaliyochelewa kwa bei ya kutupa. Meneja akaunganisha: karani haiti lori, majani yanachelewa, mabroka wanapita. Hakuna mtu aliyekuwa amemwona broka kwenye kituo kile. Hiyo ilimwonyesha meneja jinsi walivyo wajanja. Akapeleka jambo kwa bodi: karani aondolewe, kituo kifungwe, na wakulima wake wabebe majani yao hadi kituo cha ng'ambo ya mto. Wengi wao ni wanawake wenye magoti mabaya. Niliuliza kama kuna mtu aliyewahi kupanda mlima ule akiwa na gunia mgongoni, nikaambiwa nishughulikie kompyuta.

Basi nikaishughulikia kompyuta. Nilidandia lori tupu lililokuwa likielekea upande huo asubuhi, nikakaa mbele na dereva, nikafika kituoni wakulima wakiwa bado hawajafika. Nilikuwa nimepanga maswali yangu njiani, yote makali.

"Chamgei," nikasema, hujambo ya Kikipsigis.

"Chamgei mising. Karibu, mtoto wangu. Umeamkaje? Mama yako ako aje? Bado anachuna?"

Nikajibu kwamba mama amestaafu, yuko salama. Akataka kujua kama magoti yanamsumbua. Akauliza mvua ya upande wetu, akauliza barabara, akauliza ng'ombe wangu. Sina ng'ombe. Alisikitika kwa hilo kwa muda, akanihakikishia kwamba Mungu hajalala. Kisha akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, akanipa na viazi vya kuchemsha ambavyo dada yake alimletea kutoka Londiani, na ni baada ya viazi hivyo tu ndipo nilipoona kwamba mdomo wangu unaruhusiwa kusema kilichonileta. Ukali wote ulikuwa umeisha.

"Mama, wewe unatumanga meseji ya lori kweli?"

"Natumanga. Kila siku. Si uangalie?" Akanipa simu yake, ile ndogo ya vibonye, iliyofungwa kwa raba.

Meseji zilikuwemo, siku baada ya siku, zote zimekwenda, zote kwenye namba iliyo sahihi. Ya jana yake ilisema: "Habari za mchana watu wetu wa ofisi. Natumaini mmeamka salama nyote na watoto. Huku tuko sawa, mvua ilinyesha jana, Mungu ni mwema. Naomba LORI, tuko na magunia mengi leo. Kongoi." Nikaisoma mara mbili, toka habari za mchana hadi kongoi, yaani asante. Sikuona kosa. Ndivyo ninavyomwandikia shangazi yangu ninapotaka aniazime sufuria.

Nikamwomba atume nyingine mbele ya macho yangu, kisha nikampigia simu mhudumu wa ofisi aende chumbani kwangu akaangalie modemu. Taa imewaka, akasema. Nikamwomba avuke ukumbi akaangalie skrini ya ofisa wa usafiri. Hakuna kitu, akasema. Basi ujumbe ulifika kiwandani na kupotea kati ya chumba changu na chumba cha jirani, umbali ambao hata kikombe cha chai huvuka bila kupoa.

"Kwa hivyo ni hiyo mashine?" yule karani akauliza.

"Sijui bado. Lakini si wewe."

Akaanza kufuta mizani kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. "Unajua venye wanasema? Wanasema nauza majani ya watu. Mimi hata hao mabroka sijui sura yao. Wakinifukuza nitaenda nyumbani, si niko na shamba? Lakini niitwe mwizi, halafu Jumapili nisimame mbele ya watu nishike sahani ya sadaka? Hiyo siwezi."

Nilimwambia nitatafuta. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani, kwa hiyo nikarudi nayo ofisini.

Siku zilizofuata nilisoma maelezo ya maktaba ile, ukurasa wa kupokea. Niliusoma mpaka nikaujua kama sala. Unaeleza ni nini kinatokea ujumbe ukiwepo, na ni nini kinatokea usipokuwepo, na namna ya kungoja na namna ya kutokungoja. Programu ya yule kijana ilifuata kila neno. Ilipokea kama inavyotakiwa. Nililaumu modemu, nikalaumu laini ya simu, nikalaumu urefu wa meseji, nikabadilisha nyaya ambazo hazikuwa na hatia. Ofisa wa usafiri alikuwa akinitazama kutoka mlangoni akila karanga.

"Mimi nilisema huyo mama ni shida," akasema. "Na si yeye pekee. Hawa makarani siku hizi hawana adabu kabisa. Mtu anakuandikia LORI na alama tatu za mshangao, kama anakufokea. Hata habari yako hakuna."

Niliacha waya niliokuwa nimeushika. Nilikuwa nimekaa na makarani hawa kwenye mikutano. Ni watu wa huku, Wakipsigis wengi wao, na wengine waliotoka kando ya ziwa, au Kisii kama wazazi wangu. Hawa hawaombi hata chumvi kabla ya kukujulia hali. Mtu mmoja kukosa adabu, sawa. Wote kwa pamoja, tena kuanzia siku moja?

Kwenye programu, kupokea kuna mistari miwili. Wa pili ndio unaosema pokea, na huo ndio nilioukazia macho, kwa sababu shida ilikuwa ya kupokea. Wa kwanza unaiambia soketi inataka kusikia nini. Kwenye mstari huo kijana wa Nairobi alikuwa ameandika neno moja, LORI. Kila siku nililisoma kama mtu yeyote angelisoma: niletee kila meseji yenye neno LORI. Nikafungua ukurasa wa mstari huo, ambao sikuwa nimeugusa. Soketi haisomi hivyo. Inaangalia mwanzo wa ujumbe peke yake. Herufi za kwanza zikiwa L, O, R, I, inaupokea. Zikiwa kitu kingine chochote, ujumbe unatupwa hapo hapo, hata kama neno LORI limeandikwa mara kumi kuelekea mwisho. Haitoi onyo. Haiandiki popote kwamba imetupa. Ukitaka kusikia kila kitu, unaipa neno tupu: unafungua alama za kunukuu na kuzifunga bila kuweka kitu katikati.

Nikafungua soketi nyingine pembeni, nikaipa neno tupu, nikasema pokea. Ilikuwa karibu na saa ambayo vituo vinamaliza kupima. Nikakaa, programu ikakaa.

"Habari za mchana ofisi, poleni na kazi." "Bwana asifiwe. Hapa tumemaliza kupima." "Chamgei. Natumaini mko salama." "Hamjambo huko, baridi imewazidi?" Ziliingia moja baada ya nyingine, vituo vya kila upande, na karibu zote ziliishia kuomba lori kwa unyenyekevu. Nikavuka ukumbi kutazama skrini ya ofisa wa usafiri: hapakutokea hata moja. Baada ya muda, wale wale walianza kurudia, safari hii kwa ufupi: "LORI. Kuna mtu hapo?" "LORI tangu asubuhi!!!" Hizo ziliingia pande zote mbili. Mashine yetu ilikuwa inawangoja makarani wakasirike ndipo iwasikie. Mama wa kituo cha mwisho naye alirudia. "Habari tena watu wetu. Samahani kwa kuwasumbua, najua mko na kazi nyingi." Kila aliporudia, salamu zilirefuka. Yeye peke yake hakukasirika, kwa hiyo yeye peke yake hakusikika.

Nilicheka peke yangu kwenye stoo ile ya mbolea, kisha nikaona sicheki, nikaenda kwa meneja.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema bodi inakutana kesho yake na kwamba nisiguse programu hadi hapo, kwa sababu ni ushahidi. Nikamuuliza ushahidi wa nini. Akasema hilo ndilo bodi itaamua. Pia alitaka kujua nilikula nini nilipokwenda kule kituoni. Nikamwambia viazi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kiasi cha hongo.

Chumba cha bodi kiko juu ya mahali majani yanaponyaushwa, kwa hiyo daima kina joto na wazee huanza kusinzia kabla ya sala ya kufungua. Mwenyekiti ni mkulima kama wengine, mrefu, wa sweta na gamubuti, aliyechaguliwa kwa sababu hajawahi kumaliza kikao bila kuuliza swali moja la maana. Meneja alieleza habari ya mabroka. Kisha nikapewa nafasi, nikarusha picha ya kompyuta yangu ukutani kwa projekta: dirisha la kushoto ni soketi ya zamani, yenye neno LORI, la kulia ni soketi yenye neno tupu. Nikachukua simu yangu nikaandika, "Hamjambo, naomba LORI." Ikatokea kulia. Kushoto palibaki peupe.

"Hizo dirisha zote mbili ni zake," meneja akasema. "Ameziandika mwenyewe. Anaweza kutuonyesha hata harusi."

Wazee walicheka kidogo. Sikuwalaumu, mimi mwenyewe siamini mtu anayejipima presha kwa mashine yake.

"Basi atume mwenyewe," mwenyekiti akasema. "Huyo karani. Atume sasa tuone."

Nilikuwa nafungua mdomo kusema kwamba aachwe aandike anavyoandika siku zote, lakini meneja alikuwa ameshapiga simu. "Mama, tuma ombi la lori sasa hivi. Na usituandikie barua. Anza na LORI vile mlifundishwa. Umenisikia?" Akakata simu na kuiweka mezani kifudifudi.

Tukangoja. Ikaja. "LORI magunia arobaini." Kushoto na kulia, kwa pamoja, neno kwa neno.

Meneja alikunja mikono. "Mmeona? Kumbe anaweza. Mashine imemsikia vizuri sana. Alikuwa tu hataki."

Nikaanza kueleza juu ya herufi za mwanzo. Nilieleza vibaya, kwa haraka na kwa sauti ya juu, na nikasikia nikisema neno soketi mara nyingi kuliko inavyofaa mbele ya wakulima. Mwenyekiti aliinua mkono, si kwa ubaya. Akauliza kama kuna anayependekeza. Mzee mmoja akapendekeza karani aondolewe na kituo kifungwe. Akauliza kama kuna anayeunga mkono. Mzee wa pili, ambaye nadhani alikuwa ametoka usingizini, akaunga mkono.

Nilikuwa natazama meza. Mtu akasema, "Ngoja, hiyo imesonga."

Dirisha la kulia lilikuwa na maandishi mapya, marefu. La kushoto lilikuwa na mstari wake ule ule mmoja. Mwenyekiti alijipapasa mifuko akitafuta miwani, akaikosa, akaniambia nisome. Nikasimama nikasoma.

"Hamjambo wazee wa bodi na wote mlio hapo."

"Hatujambo," mwenyekiti akajibu. Wazee wawili wengine nao wakajibu, wakiutazama ukuta. Kisha wakatazamana.

Nikaendelea. "Mnisamehe nimeomba LORI bila kuwasalimu, bwana meneja alikuwa na haraka. Habari za nyumbani? Najua leo mnaongea juu yangu. Mkiona niende, nitaenda. Lakini lori ije mapema, majani ni ya watu na leo jua ni kali. Sijauza hata jani moja." Nikashuka hadi mstari wa mwisho. "Mungu awabariki na watoto wenu. Kongoi."

Chini yetu mafeni ya kunyaushia majani yalikuwa yakivuma. Mwenyekiti aliinuka, akaenda ukutani akiwa na gamubuti zake, akaweka kidole kwenye dirisha la kushoto.

"Hii hapa haijaona hii meseji?"

"Haijaona, mzee."

"Na neno lori iko ndani."

"Iko ndani. Lakini alianza na salamu."

"Kwa hivyo akisalimu, haisikii."

"Ndiyo, mzee."

Alibaki amesimama, kivuli chake kikiwa juu ya maneno ya yule mama. "Mimi pia ningeandika hivyo," akasema. Aliyeunga mkono akasema kwamba anaondoa mkono wake. Aliyependekeza akasema kwamba hata yeye alikuwa anauliza tu. Ofisa wa usafiri, aliyekaa karibu na mlango, alikuwa ameweka karanga zake mfukoni na kuinamisha kichwa.

"Mjibu," mwenyekiti akaniambia.

"Siwezi, mzee. Soketi hii ni ya kupokea tu. Haitumi."

Akaangalia tena dirisha la kushoto. "Ya kupokea tu," akasema, "na kupokea kwenyewe haijui." Akatoa simu yake mfukoni, akaomba asomewe namba, akapiga. Simu ilikuwa imepigwa marufuku na bodi yenyewe, lakini hakuna aliyemkumbusha.

"Chamgei," akasema, na kikao kikasimama. Alimuuliza ameamkaje. Aliuliza mvua, aliuliza ng'ombe, akauliza mjukuu aliyekuwa na kifua. Alijibu habari za mke wake, habari za mguu wake, habari za ndama. Wazee walisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, wakitikisa vichwa penye habari njema. Meneja alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi ambayo sasa haikuwa na cha kuandikwa. Mimi nikavuta kompyuta, nikaenda kwenye mstari wa kwanza, nikafuta neno LORI, nikaacha alama za kunukuu zikiwa tupu. Hakuna aliyenikataza.

"Lori inakuja, mama," mwenyekiti akasema mwishowe. "Na wewe uko kwa kazi yako. Hakuna mtu anakuita mwizi hapa. Sisi ndio tunaomba msamaha." Kisha akasikiliza. Nikamwona akipitisha kiganja usoni. Akafunika simu kwa mkono, akamgeukia meneja.

"Anauliza kama uko salama," akasema. "Anasema ulikata simu kwa haraka, hujaaga. Alidhani labda kuna shida nyumbani kwako."

Meneja aliangalia kalamu yake.

"Mwambie niko salama," akasema.